Mnyoosho wa Wageni Rasmi Wawili

Ilikuwapo nchi, na ingali ipo, maana nchi hazifi kwa aibu. Zingekuwa zinakufa kwa aibu, hii tungeshaizika zamani na matanga tukayamaliza. Haimo katika ramani za shule kwa sababu ramani za shule ziliazimwa na Wizara kwa ajili ya semina, na semina bado inaendelea.

Katika nchi hiyo, kwenye mji wa Manoleo, alikuwapo mwanamke mmoja aitwaye Mwasiti Kapalata, mwenye gereji. Hakuirithi kwa mtu. Alianza kwa kuziba pancha kwenye kivuli cha bango kubwa la barabarani, lenye picha ya daraja ambalo Serikali ilikuwa karibu kulijenga. Daraja halikujengwa, lakini bango lilikuwa na kivuli kizuri, na wenye shukrani huko Manoleo husema mradi ule ulifaulu kwa kiasi chake. Kutoka pancha Mwasiti akaenda kwenye breki, kutoka breki akaingia ndani ya injini, na mwisho akawa na ukuta wake, bati lake na shimo lake la kukagulia magari. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake yote duniani, na mtu akitaka kumfanya asilale ilimtosha kuitazama gereji ile kwa jicho la kuipenda.

Sasa gerejini hapo, kila jioni, wanaume wenye magari mabovu walikuwa wakibishana gari la nani lina nguvu. Mwalimu Gaudensi wa kemia alikuwa na kigari cha bluu ambacho mlango wake mmoja ulifungwa kwa mkanda wa suruali, naye akiapa kwamba barabara ikinyooka hakuna wa kumshika. Muuza maziwa akimcheka. Daktari wa mifugo akiwacheka wote wawili. Mwasiti alisikiliza maneno hayo mwaka mzima, akaona ni mali inayomwagika bure. Akawaambia basi njooni Jumapili, tuwapange wawili wawili, barabara iliyonyooka, bendera ikishuka mwende, wa kwanza kufika kwenye pipa jekundu ndiye mwanamume, na watu walipe kutazama.

Ndivyo ulivyozaliwa mnyoosho.

Wasomi wa mji walimcheka. Walisema mbio yenyewe inaisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya, na nani atalipa kiingilio atazame chafya? Mwasiti hakuwa na shahada ya uchumi, kwa hiyo aliuelewa uchumi huo haraka. Aligundua kwamba faida ya mnyoosho haimo katika mbio hata kidogo. Faida imo katika kusubiri. Gari moja linagoma kuwaka, jingine linavuja, dereva anatafuta kiatu chake cha bahati, na muda wote huo watu wanabishana, na mwenye kubishana koo hukauka, na koo likikauka hununua soda. Mbio ni chumvi tu. Kusubiri ndiko ugali. Ila chumvi lazima iwepo, na ugali usizidi, maana mtu akisubirishwa kupita kiasi anaacha kuwa mteja anakuwa mwananchi, na mwananchi mwenye hasira harudi kununua karanga.

Wakimbiaji wake walikuwa wa ridhaa. Maana yake walijinunulia petroli, walijivunjia gia, na mshindi alipewa kopo la oili na heshima ya wiki moja. Nchi nzima hakukuwa na watu wenye furaha kama wale.

Polisi wakaukataza mnyoosho barabarani, kwa hoja kwamba barabara ni ya mashimo na mashimo ni mali ya umma. Ndipo Mwasiti akaukumbuka uwanja wa ndege.

Wenye kusahau huambiwa kwamba uwanja ule ulijengwa na Serikali. Sisi tusiosahau tunajua ulijengwa na kuku. Ulikuwa mwaka ule kila kaya ilipotozwa kuku mmoja kwa ajili ya Maendeleo ya Anga, na asiye na kuku alitoa bata, na asiye na bata alitolewa mfano. Ikajengwa njia ya kurukia ndege, ndefu, nyeusi, iliyonyooka kama uongo uliofanyiwa mazoezi. Ndege ilitua moja tu, tena ilikuwa imepotea njia, na rubani aliwekwa ndani kwa kufika bila mwaliko. Tangu hapo uwanja ulikuwa wa kuanikia mihogo.

Kibali kilipatikana kwa shida ya kawaida, yaani ile iliyopangwa. Ofisi ya Jimbo ilikubali kwa sharti kwamba mgeni rasmi awe Mkuu wa Jimbo, Mheshimiwa Kadiva Mtulia. Lakini uwanja ni wa Manispaa, na Manispaa ilikubali kwa sharti kwamba mgeni rasmi awe Mstahiki Meya, Rupia Sengo. Mwasiti akaenda kwa Afisa Itifaki, Bwana Protas Lukumbo, mtu aliyepiga pasi mpaka kamba za viatu, akamuuliza kama shughuli moja inaweza kuwa na wageni rasmi wawili. Bwana Protas alifikiri kwa kirefu, akajibu kwamba wageni wawili si tatizo kabisa, tatizo ni viti. Vikatafutwa viti viwili vya mikono, vikapimwa kwa futi ya fundi cherehani ili kimoja kisikizidi kingine, na suala likafungwa.

Likabaki jambo la dhamana. Ilielezwa kwamba haki ya kukusanya wananchi pasipo sababu ni ya Serikali peke yake. Mtu binafsi akikusanya watu lazima sababu ionekane. Kwa hiyo kama jua litazama pasipo hata mbio moja kukimbiwa, Mwasiti atarudisha viingilio vyote na gereji yake itachukuliwa na Serikali, ambayo ilikuwa imeitazama gereji hiyo kwa jicho la kuipenda.

Mwasiti akakubali. Alijihesabia kwamba kati ya asubuhi na jua kuzama, hata magari ya Manoleo yangeweza kuwaka mara moja.

Siku ikafika. Mihogo iliondolewa, mistari ya chokaa ikachorwa, jukwaa likasimamishwa ng'ambo, kwenye mwisho wa njia, karibu na pipa jekundu. Watu walikuja kama waliotangaziwa chumvi ya bure. Walilipa, wakaingia, wakanunua, wakabishana. Kufikia saa nne mishikaki ilikuwa inauzwa ikiwa bado inalia kwenye moto. Mwasiti alipita katikati ya zogo lile akiwa amefunga kilemba kipya, akisikia sauti ya vizibo vya soda vikifunguliwa, na kwake sauti ile ilikuwa tamu kuliko taarabu.

Mwanzoni mwa njia alisimama Fundi Mbaruku na bendera yake ya miraba. Fundi Mbaruku alikuwa mshusha bendera wa mnyoosho tangu ule wa kwanza, mzee asiyesema sana, ambaye mkono wake haukuhitaji kichwa. Injini mbili zikipanda pamoja, mkono wake unashuka wenyewe. Hata msikitini, pikipiki mbili zikipita nje, alionekana akitikisa bega.

Lakini mbio haziwezi kuanza kabla ya ufunguzi, ufunguzi hauwezi kufanyika bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi hakuwa amefika. Hapo ndipo lazima ielezwe kanuni moja ya nchi ile, ambayo haikuandikwa popote kwa sababu kila mtu aliijua: mkubwa hufika mwisho. Mdogo hufika mapema, wa kati hufika kwa wakati, mkubwa huchelewa, na mkubwa zaidi huchelewa zaidi. Anakumbukwa bwana mmoja wa Wizara aliyechelewa mazishi ya mkuu wake wa kazi mpaka akakuta arobaini, na wiki hiyohiyo akapandishwa cheo, kwa kuwa ilionekana wazi amekua.

Sasa wageni rasmi walikuwa wawili, na wa mwisho hawezi kuwa zaidi ya mmoja.

Msafara wa Mkuu wa Jimbo ulitokea mjini saa tano, mashangingi meusi, yale magari makubwa yanayonunuliwa kwa kodi, ving'ora juu. Ulipofika pale barabara inapoingia kwenye njia ya ndege ukasimama, kwa kuwa mpelelezi wake alimwambia Meya bado. Kidogo ukatokea msafara wa Meya, mashangingi meupe, nao ukasimama, kwa kuwa Meya aliona kwamba Mkuu wa Jimbo hajaingia. Likasogea moja kidogo, la pili likarudi nyuma kidogo. Wakasogea, wakarudi, mpaka yale mashangingi mawili ya mbele yakawa sambamba, pua kwa pua, hakuna aliyetangulia hata kwa upana wa kiganja. Vioo vikapandishwa. Injini hazikuzimwa, maana ndani mlikuwa na ubaridi na nje kulikuwa na wananchi.

Ikatokea kwamba pale waliposimama palikuwa hasa kwenye mstari wa chokaa wa kuanzia. Fundi Mbaruku akajikuta katikati yao na bendera yake, akawaamkia kushoto na kulia.

Mwanzoni ilikuwa neema. Watu waliona kwa mbali magari yale yamepangwa, wakaanza kubishana nani atachoka kwanza. Walioyakalia mawe waliyakodisha kwa wenzao. Karanga zikaisha, soda ikaisha, mtu mmoja akauza maji ya rejeta na yakanunuliwa. Lakini adhuhuri ikapita, alasiri ikaadhiniwa, na Mwasiti akahisi ule ugali umeanza kuzidi. Zogo likabadilika sauti. Kwanza walitaniana, kisha wakamtania yeye, kisha wakaacha kutania.

"Mama Mnyoosho," mtu mmoja alimwita kutoka kwenye kundi, kwa upole uliotisha, "sisi tumelipa kuona magari yanakimbia. Ya kusimama tunayo nyumbani."

Mwasiti akarukia pikipiki hadi mwanzo wa njia. Alipiga goti kwenye dirisha la shangingi jeusi, akabisha. Kioo kikashuka kiasi cha kutoa ubaridi na sauti. Alimweleza Mkuu wa Jimbo habari ya jua, ya dhamana, ya gereji, ya watu waliokaa toka asubuhi.

"Mama," alisema Mheshimiwa Kadiva Mtulia, "umeshawahi kuona Serikali ina haraka?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi usinifundishe tabia mbaya."

Akahamia dirisha la pili. Mstahiki Meya alikuwa anakula ndizi mbivu na hakuwa na kinyongo na mtu. Alimwambia Mwasiti kwamba yeye binafsi yuko tayari kuingia dakika hiyohiyo, anawapenda sana wananchi wake, na ataingia mara tu huyo jirani akishaingia. Jirani akisema ataingia kesho, basi amwambie yeye tayari ameshaamua kuingia keshokutwa.

Mwasiti akasimama kati ya magari mawili, jua likimpiga ubavuni, tayari limeanza kuwa jekundu. Aliona mbele yake njia yote iliyonyooka, na mwisho wake watu waliokuwa wameanza kusimama. Akaiona gereji yake, ukuta wake, shimo lake, na mtu wa Serikali akiingiza ufunguo. Hakulia. Alitukana kimoyomoyo, kwa mpangilio, akianza na Wizara.

Hapo akaja Bwana Protas mbio, tai imekaa begani, kavuja jasho mpaka kwenye kamba za viatu. Alikuwa hajali habari ya jua wala ya dhamana. Alikuwa amegundua kwamba jukwaani hakuna picha ya Baba Mlezi wa Nchi. Mchwa walikuwa wameila fremu, fremu tu, alisisitiza, Mheshimiwa mwenyewe hawakumgusa, na picha ilipelekwa kwa seremala asubuhi, na sasa hivi ndiyo imetoka mjini, imepakiwa kwenye pikapu ya muuza maziwa, iko njiani.

"Itakuta huku kumechafuka," alisema, akishika kichwa. "Nimekwisha."

"Ni picha, Bwana Protas," Mwasiti akamwambia.

Bwana Protas alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyechezea umeme. Akamkumbusha kile ambacho kila mtumishi hufundishwa siku ya kwanza kazini: ikiingia picha, ameingia mwenyewe. Husimama watu, hufungwa vifungo. Aliyefika baada ya picha amemsubirisha Baba Mlezi, na wa mwisho kufanya hivyo alikuwa Naibu Waziri mmoja, ambaye sasa ni balozi katika nchi inayoendelea kutafutwa.

Mwasiti akageuka kuitazama barabara ya mjini. Kisha akaenda kwa Fundi Mbaruku, akamwambia polepole, "Mzee wangu, hebu inua bendera."

"Kuna mbio?" akauliza Fundi Mbaruku.

"Inua tu. Mengine mkono wako unajua."

Kisha akabisha vioo vyote viwili kwa wakati mmoja, mkono huku na mkono huku, na viliposhuka hakusema uongo hata neno moja. Alisema kwa adabu ya mtu anayeaga:

"Waheshimiwa, sikutaka msikie kwa watu wengine. Picha imeshatoka mjini. Iko nyuma yenu."

Wote wawili wakageuza shingo. Kule mbali, juu ya kilima, palikuwa na vumbi dogo linalokuja.

Kilichofuata wazee wa Manoleo huwasimulia wajukuu badala ya historia ya uhuru. Ndizi ilitoka dirishani. Injini mbili za Serikali, ambazo tangu zinunuliwe hazikuwahi kuombwa kitu, zikapanda pamoja, zikalia, ardhi ikatetema, na mkono wa Fundi Mbaruku ukashuka wenyewe.

Waliondoka. Matairi yaliacha weusi barabarani na moshi uliomfunika Bwana Protas mzima. Shangingi jeusi lilitangulia, jeupe likalifuata ubavuni, vibendera vya boneti vikawa vimelala kama masikio ya sungura. Mkuu wa Jimbo alikuwa akimpiga dereva wake begani kwa fimbo ya cheo. Meya alikuwa amevua koti. Ving'ora vilipiga, mlinzi mmoja aliyechelewa kufunga mlango alikimbia hewani hatua kadhaa, na watu elfu kwa elfu, waliokuwa wamesimama ili wadai fedha zao, walijikuta wamesimama ili waone vizuri. Kelele iliyotoka pale haikuwahi kutoka hata siku ya mchango wa kuku kufutwa.

Mbele ya pipa jekundu Meya alipita kwa urefu wa boneti. Yakafunga breki, yakazunguka, shangingi jeusi likapita katikati ya meza ya vyakula vya wakubwa na kutokea upande wa pili likiwa limevaa kitambaa cha meza. Waheshimiwa wakaruka nje, wakapanda jukwaa kwa magoti na mikono, wakasimama wima, mmoja akiwa na kiatu kimoja. Nao wakasubiri hapo, vifungo vimefungwa, mpaka pikapu ya maziwa ilipofika taratibu, maana muuza maziwa alikuwa mwangalifu, na Baba Mlezi akashushwa kutoka kati ya madebe, amefunikwa blanketi, anatabasamu.

Ukingo wa jua ulikuwa bado juu ya kilima.

Ukazuka ubishi wa ushindi. Meya alichukua kipaza sauti akasema kwamba yeye amefika kwanza kwa kuwa anampenda Baba Mlezi zaidi. Mkuu wa Jimbo akakichukua akasema kwamba yeye amefika mwisho kwa kuwa ni mkubwa zaidi, na kwamba mwenye macho ameona alivyompisha mdogo wake. Wakapewa kopo la oili kila mmoja. Umati ukapiga kelele warudie.

Wale watu wa Serikali waliokuwa na hamu na gereji walimsukuma Bwana Protas mbele aseme kwamba ile haikuwa mbio, kwa hiyo dhamana imekwenda. Bwana Protas alifungua kinywa, mweusi kwa moshi, na Mwasiti akamsogelea.

"Sema, baba," akamwambia. "Kama haikuwa mbio, basi waheshimiwa wawili wameendesha kama vichaa mbele ya wananchi, wakavunja meza, pasipo sababu. Wewe sema tu, mimi nitakushuhudia."

Bwana Protas akaangalia jukwaani. Waheshimiwa wote wawili walikuwa wanamwangalia yeye, kwa mara ya kwanza siku hiyo wakiwa na nia moja.

"Ilikuwa mbio," akatangaza. "Tena ya kitaifa."

Gereji ikasalimika. Na kabla mwezi haujaisha maombi yakaanza kuingia gerejini, ya wakurugenzi waliotaka kupimwa na wakurugenzi wenzao, ya mabwana wa Wizara, ya jaji mmoja aliyestaafu lakini gari hajarudisha. Wote waliomba kwa maandishi waingizwe kama wakimbiaji wa ridhaa. Katika nchi ile ilikuwa imeshajulikana kwamba picha inaweza kutoka mjini wakati wowote, na mtumishi mwaminifu lazima afanye mazoezi. Viingilio vikapanda, watu wakalipa, na uwanja ukajaa mpaka wengine wakatazama kutoka juu ya migongo ya wengine.

Mwalimu Gaudensi alikuja jioni moja, kigari chake cha bluu kinatetemeka nje, mkanda mlangoni. Alikuwa amechukia. Mwasiti alimpa kigoda, akamsikiliza. Mwalimu alisema wao ndio walioanzisha mnyoosho, wameuza hata mbuzi ili wanunue gia, na sasa wanawekwa mwishoni kabisa, wakati watu wanafunga virago. Kwani hao waheshimiwa wanaendesha vizuri kuliko sisi? Hata kubadili gia hawajui.

"Hawajui," Mwasiti akakubali, akifuta mikono kwa pamba.

"Sasa kwa nini watu walipe kuwaona wao?"

"Mwalimu wangu, usikasirike," Mwasiti akasema. "Ninyi mnakimbiza magari yenu. Watu wanakuja kuangalia ya kwao."